Upepo Uliokata Bomba

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya karakana ya maseremala,
Nyumbani.

Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Mwalimu,

Kabla sijasema lolote, niambie kwanza u hali gani. Kile kikohozi kilichokuwa kinakuamsha alfajiri kimekuachia, au bado kinakudai usingizi? Wanafunzi wako wanakusikiliza? Na unakula? Mama yako, dada yangu, anasema umekonda kwenye picha uliyotuma. Mimi nimemwambia ni picha ndiyo iliyokonda, mtoto mwenye mjomba kama mimi hawezi kukonda. Hata hivyo, mama, kula.

Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Mwezi uliopita niling'olewa jino. Daktari alivuta mpaka akaegemeza mguu ukutani, akaita wenzake wawili wamshike kiuno, na lilipotoka akaniomba aliweke kwenye chupa wanafunzi wa udaktari walione, maana tangu azaliwe hajaona jino lenye mzizi uliofika karibu na bega. Sikutoa sauti. Mke wangu alikuwa kwenye benchi nje na anasema alisikia kitu, lakini mle ndani kulikuwa na mashine nyingi.

Mdogo wako Chiriku ni mzima sana. Jina nililompa akiwa mchanga bado halijampungua hata herufi moja: anaanza kusema kabla hajafungua macho. Ila siku hizi maneno yake mengi ni maswali, na hapo ndipo ilipo sababu ya barua hii.

Unajua mimi na kalamu tuliachana darasa la tano. Siku nilipoacha shule mwalimu wa hesabu alifunga darasa mapema, kwa sababu hakubaki mtu wa kumjibu. Tangu hapo kalamu yangu ni mwiko na karatasi yangu ni ukuta. Kwa hiyo ukiniona nimekaa mezani tangu chai ya asubuhi na karatasi nne, ujue nimebeba kitu kizito. Nimekaa kukushukuru, na kabla ya kukushukuru, kukuomba radhi.

Kwa ufupi ni hivi. Ukuta wa darasa la sita, darasa la Chiriku, ulianguka mwezi wa tano, Alhamisi, saa nne asubuhi, siku ya masomo. Watoto arobaini na mmoja husoma mle. Siku hiyo hapakuwa na hata mmoja ndani, na hawakuwamo kwa sababu yako. Acha nikupangie habari yote tofali kwa tofali, maana nakujua, utaniuliza nimejuaje.

Lile darasa nililijenga mimi, miaka tisa iliyopita. Nililijenga kwa jicho, kama ninavyojenga kila kitu. Sikuitwa Fundi Jicho bure. Pima maji nilikuwa nayo, lakini niliitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke. Mhandisi mmoja alikuja na vyombo vyake akapima ukuta wangu asubuhi mpaka mchana, akaona umenyooka kuliko rula yake, akaondoka na huzuni. Hiyo nimeisimulia mara nyingi, nawe umeisikia. Mhandisi alikuja kweli. Hayo ya huzuni ni yangu.

Mwaka jana ukatokea ufa. Ulianzia chini, kwenye pembe ya nyuma, ukapanda kwa kufuata maungio ya matofali kama mtu anayepanda ngazi. Benchi la Chiriku liko pembe hiyo hiyo, yeye huketi bega lake likigusa ukuta. Mwalimu mkuu aliniita niangalie. Nikaenda, nikashika kiuno, nikautazama ufa kwa muda wa kupiga chafya moja, nikasema: malori.

Hukuyakuta wewe malori haya. Nyuma ya kilima wamefungua machimbo ya kokoto, na malori yanapita mbele ya shule mchana kutwa, vikombe vinacheza kwenye visahani. Nikasema yanatikisa ardhi na ardhi inatikisa ukuta. Nilisema shuleni, nikasema kwa kinyozi, nikasema kituoni, nikasema kwenye harusi ya watu ambao hata sikualikwa. Baada ya wiki moja nikaanza kuyasikia maneno yangu yakinirudia kutoka kwa watu nisiowajua, nami kila mara najipiga kifua: mnaona, hata wao wanasema. Mpwa wangu, nilipiga kelele pangoni halafu nikaufanya mwangwi kuwa shahidi wangu.

Sikuishia hapo. Siku moja nilisimama katikati ya barabara, mikono nimeitanua, lori likafunga breki. Dereva akachungulia, mtu mnene, mpole. Nikamwita muuaji wa watoto mbele ya watu waliokuwa wanatoka sokoni. Watu wakanipigia makofi. Nililala vizuri sana siku hiyo.

Ndipo mwalimu wa darasa lao, yule binti uliyemfundisha kazi ulipokuwa bado hapa, akawapa zoezi. Kila kundi la watoto wanne lichague jambo moja ambalo watu wa mtaa wanalisema, halafu walichunguze wenyewe, bila kumuuliza mwalimu jibu. Wengine walichagua kisima, wengine paka mweusi wa muuza duka. Chiriku akachagua ufa. Nataka uelewe hili vizuri: alichagua ili baba yake aonekane yuko sahihi. Alitaka aandike kwa herufi kubwa kwamba fundi ndiye aliyejua, na karatasi ibandikwe ofisini. Ndiyo maana alikuandikia, akuombe umfundishe namna ya kuthibitisha.

Jibu lako alilisoma kwa sauti tukiwa mezani, na mpaka leo nalikumbuka kama salamu. Ulimwambia: "Usimtafutie baba ushahidi. Tafuta ufa unapanuka lini. Na kabla hujaanza, andika ni kitu gani ukikiona utakubali kwamba malori hayahusiki."

Nikasukuma sahani. Nilikutumia ujumbe wa sauti jioni ile ile, na natumaini uliufuta, maana hata mimi nikiukumbuka masikio yanawaka. Nilisema umesoma mpaka umesahau ulikonyonya. Nilisema unamfundisha mwanangu kumkalisha baba yake kizimbani. Nilisema mengine ambayo mjomba hamwambii mtoto wa dada yake. Wewe hukunijibu hata neno. Baada ya majuma mawili kikaja kifurushi kwa jina la Chiriku, na ndani mna rula ya chuma yenye vimistari vyembamba kama nywele. Hilo ndilo lilikuwa jibu lako. Lilinikata kuliko matusi.

Basi wakaanza. Walichora alama za penseli pande mbili za ufa, sehemu tatu, chini, katikati na juu. Kila asubuhi wawili walipima, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na karatasi yake, bila kuoneshana, zikitofautiana wanarudia. Wa tatu alikaa karibu na geti akihesabu malori kwa vijiti. Wa nne aliweka kopo juu ya paa la choo, kukinga mvua na kuipima. Na walikuwa na sheria uliyowapa wewe: siku ambayo haikupendezi nayo inaandikwa.

Mimi nilikuwa napita kuwachungulia na kuwacheka. Siku moja nikawaambia rula si kitu, fundi wa kweli anapima ufa kwa kidole gumba. Nikakiingiza. Chiriku akaniuliza kwa adabu kama kidole hicho hicho ndicho nilichokipiga nyundo wiki iliyopita. Nikasema ndicho. Akaandika kwenye daftari kwamba kidole cha baba hakitatumika kwa sababu kimevimba.

Wiki tatu za kwanza kulikuwa na jua kali. Malori yalipita kuliko siku zote, kuna siku yalifika sitini na tatu. Ufa haukusogea hata unywele. Nikasema subirini. Halafu mashine ya kusaga mawe kule machimboni ikaharibika, siku kumi na mbili halikupita hata lori moja, barabara ikawa kimya mpaka kuku wakalala katikati. Na siku hizo hizo ndipo mvua ilipoanza. Ufa ukafunguka milimita nne.

Chiriku alirudi nyumbani amenyamaza. Chiriku, mpwa wangu, kunyamaza. Mama yake akamgusa shingo aone kama ana homa. Akaniwekea daftari mbele, sikulitaka. Nikamwambia mtikisiko unaingia ardhini, unajificha humo kama homa inavyojificha mwilini, halafu unatoka baadaye malori yakiwa yameshaondoka. Niliipenda sana hoja hiyo, niliitoa palepale bila kuiandaa.

"Sawa, baba," akasema. "Sasa tukitaka kujua kwamba haujajificha, tutaangalia nini?"

Nikamwambia akalale.

Hawakulala. Mvua iliyofuata walisimama nje na mwavuli mmoja, watoto wanne, wakaangalia maji ya paa yanakwenda wapi. Paa zima la darasa lile linakusanya maji kwenye mfereji mmoja wa bati, na mfereji unashuka kwa bomba moja ambalo lilipaswa kufika mpaka kwenye mtaro wa nje. Halifiki. Limekatwa usawa wa goti, limegeuzwa, na linamwaga maji yote kwenye ile pembe, miguuni pa ukuta. Miaka tisa ya mvua ilikuwa inaunywesha msingi uliotengenezwa ukae mkavu.

Wakaanza kuuliza watu nani alilikata. Kila mtu peke yake, wenzake wasisikie, kama ulivyowafundisha. Mimi waliniweka mwisho. Chiriku alikuja uani na daftari, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na hakuniita baba.

"Fundi, samahani. Bomba la darasa la sita lilikatwa na nani?"

Nikamwambia lilikatwa na upepo. Na nilipokwisha kulitoa hilo neno la kwanza, mengine yakafuata yenyewe kama kondoo. Nikamwambia ulikuwa upepo ambao ulinyanyua toroli likiwa na saruji mbili ndani, ukavua bati la jirani ukalirudisha likiwa limeoshwa, ukalikata bomba kama kisu kinavyokata sabuni. Akaandika yote. Akaniuliza nilikuwa wapi nilipouona. Nikasema nilikuwa katikati yake. Akaniuliza nani mwingine alikuwepo. Nikamtaja yule msaidizi wangu wa zamani, Mungu amrehemu. Akaandika: shahidi amefariki. Akafunga daftari, akasema asante fundi, akaenda kumsaidia mama yake kuanua nguo.

Sasa nikupeleke kwenye mkutano wa wazazi. Ajenda zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuzuia malori yasipite. Ya pili, ufa uzibwe Jumamosi hiyo hiyo ili watoto waendelee kusoma mle mle, na wa kuziba ni mimi, nilishajitolea. Nilikwenda na mwiko wangu kwenye mfuko. Mwenyekiti wa kamati, yule muuza nyama mwenye sauti kama ngoma, alifungua kwa kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukumbi mzima ukaitikia. Nami niliitikia, tena nilikuwa wa kwanza. Wahenga hawakukosea, mpwa wangu, ila hawakusema uzibe bila kuuliza ufa umetoka wapi. Ningeupiga lipu, ungependeza, na hakuna ambaye angeuona tena ukipanuka.

Mwalimu wa darasa akaomba watoto wasome walichokipata. Watu wakaguna. Chiriku akasimama na ile karatasi kubwa, siku kwa siku, malori huku, mvua huku, ufa huku. Alipomaliza, mwenyekiti akacheka kwa upole, akamuuliza sasa nani anajua zaidi habari za kuta, penseli yenu au fundi aliyezijenga?

"Hatukuchunguza nani anajua zaidi, mzee," akasema. "Tulichunguza ufa unapanuka siku gani."

Baadhi ya kina mama wakacheka. Mwenyekiti akanigeukia, fundi, unasemaje, nami nikatingisha kichwa kama mtu anayewasamehe watoto. Nilikuwa nimeshika mwiko ndani ya mfuko. Watu walikuwa upande wangu, niliwasikia. Ilikuwa imebaki kupiga kura tu.

Lakini karatasi ilikuwa haijaisha. Mwishoni walikuwa na sehemu uliyowafundisha wewe, ya mambo wasiyoyajua, na mwalimu akamwambia aisome. Nakuandikia kama ilivyoandikwa, karatasi yenyewe ninayo hapa:

"Hatujui nani alikata bomba la maji ya paa. Baba yangu, ambaye ni fundi, anasema lilikatwa na upepo. Tumeuliza watu saba na hakuna anayeukumbuka upepo huo. Huenda tumeuliza watu wachache."

Mpwa wangu, nimeshaanguka kutoka ghorofa ya pili nikasimama na miguu yangu. Nimebeba mfuko wa saruji kwa meno. Lakini sentensi ile ya mwisho ilinikalia kifuani. Mtoto alijua. Alikuwa na watu saba, marehemu mmoja na toroli linaloruka, na bado aliniachia mlango wazi, kwa haki, si kwa huruma, kwamba huenda kosa ni lao, huenda hawakuuliza vya kutosha. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunitendea haki kiasi hicho. Nikatazama bega lake, lile linaloegemea ukuta.

Nikasimama.

"Nililikata mimi," nikasema. "Kwa msumeno wa chuma."

Nikawaeleza. Siku ya ufunguzi, miaka tisa iliyopita, kulikuwa na mgeni rasmi, na mvua ilinyesha asubuhi. Bomba lilikuwa linamwaga kwenye mtaro, na mtaro ulikuwa umefurika ukakata njia aliyopaswa kupita mgeni na viatu vyake. Nikalikata haraka, nikaligeuzia pembeni, maji yakajificha nyuma ya darasa, mgeni akapita pakavu, nikapewa mkono. Nilisema Jumatatu nitarudi kulirekebisha. Hiyo Jumatatu haijafika mpaka leo.

Mwenyekiti akauliza taratibu, "Na ule upepo, fundi?"

"Upepo haukuwepo."

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Nilidhani kicheko kile kitaniua. Hakikuniua. Walipomaliza kucheka waliniuliza swali la maana, kama ukuta ule unafaa kukaliwa na watoto, na kwa mara ya kwanza nikajibu kwamba sijui, inabidi kuchimba kuangalia msingi. Wakaamua palepale watoto wahamie ukumbini kesho yake. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Jumapili na Jumatatu watoto na wazazi walihamisha madawati, yakabaki machache mabovu, likiwemo benchi la ile pembe. Jumanne na Jumatano mvua ikanyesha bila kupumua. Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa naelekea huko na sururu begani ili nichimbe. Nikasikia mshindo nikiwa barabarani. Nilidhani ni lori.

Hapa nikuandikie bila chumvi. Pembe yote ilikuwa chini na kipande cha paa juu yake. Nilitupa sururu nikakimbia mpaka kwenye mlango wa ukumbi, nikawahesabu watoto kwa kidole, nikakosea, nikahesabu tena. Arobaini na mmoja. Chiriku alikuwa mstari wa pili, ananitazama. Mchana niliondoa matofali pamoja na wanaume wanne, na benchi lake nililitoa mimi mwenyewe. Lilikuwa vipande vitatu. Kipande kimoja nimekichukua nyumbani, kiko chini ya kitanda, sijui hata nitakifanyia nini. Udongo wa chini ya msingi niliushika mkononi, ukapita kati ya vidole kama uji.

Kwa hiyo, mpwa wangu, mimi nakushukuru. Nakushukuru kwa barua yako uliyoiandika ukiwa na kazi zako na kikohozi chako. Nakushukuru kwa rula. Nakushukuru kwa kutomtafutia mwanangu jibu, ambalo wewe kwa akili yako ungeweza kulikisia ukiwa huko huko, bali ukamwacha alitafute, kwa sababu jibu lako mimi ningelitupa nje pamoja na maji ya kuogea. Penseli za watoto wanne sikuweza kuzitupa. Na nakushukuru kwa kutonijibu ule ujumbe. Ungenijibu tungegombana, na ugomvi ningeushinda, unanijua. Nisamehe, mama. Nilisema umesahau ulikonyonya, kumbe ndiye uliyekumbuka watoto wa huku kuliko sisi tunaoishi nao.

Yule dereva nilimtafuta. Nilikwenda machimboni kwa miguu, nikamkuta anakula, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba niliyomwambia siku ile yalikuwa uongo na nani hasa alikuwa hatari kwa watoto. Alitafuna taratibu mpaka akamaliza. Akasema mke wake alikuwa ameacha kwenda sokoni kwa sababu ya neno lile. Nilitamani anipige. Badala yake akaniuliza msingi mpya unahitaji kokoto za saizi gani. Nilienda pia kwa mke wake, nikiwa na mke wangu, na hayo tuliyozungumza yabaki huko.

Darasa tumelijenga upya, na nimelijenga mimi. Kamati ilisita, na nisingewalaumu. Mwalimu wa darasa ndiye aliyesema nipewe, ila kwa sharti: kila hatua watoto wapime kabla sijaendelea. Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Kila siku baada ya mapumziko walikuja wanne wanne, na timazi, na pima maji, ile ile yangu, nimeifuta vumbi. Nakuambia ukweli, kozi ya tano, yaani mstari wa tano wa matofali, niliijenga kwa jicho kwa sababu ya mazoea, na kitoto kimoja kifupi kuliko mwiko wangu kikaweka pima maji, kikatazama kipovu, kikanitazama mimi, kikasema fundi hapa pameinama. Nikabomoa. Mafundi wenzangu walionizunguka walishika midomo. Nimejenga miaka ishirini na sita na ile ndiyo kozi iliyonyooka kuliko zote, na safari hii ukitaka kujua nimejuaje, kuna karatasi yenye saini za watoto wanne.

Shuleni sasa moto umewaka. Barua yako mwalimu ameinakili ubaoni, na kila darasa lina daftari la mambo ambayo watu wanasema na hakuna aliyeyapima. Darasa la saba wanachunguza kama kweli wanaokaa mbele hufaulu kuliko wanaokaa nyuma, na wamemwomba mwalimu abadilishe viti kila juma bila kuwaambia sababu wenzao. Mwalimu mkuu naye amepatikana: alizoea kusema kengele yake haijawahi kuchelewa, wakaipima siku kumi na nne. Hasemi tena. Wazazi wengine wananung'unika kwamba watoto wamekuwa wabishi. Mimi nawaambia ubishi naujua, nimeufanya maisha yangu yote, na huu si ubishi. Mbishi hataki kupima.

Chiriku aliandika upya karatasi yao baada ya ukuta kuanguka, maana sheria yenu inasema ukijua zaidi unasahihisha. Sehemu ya wasiyoyajua imepungua mstari mmoja. Sasa imeandikwa juu, kwenye yale yanayojulikana, kwamba bomba lilikatwa na baba, kwamba chanzo cha habari ni yeye mwenyewe, alisema mbele ya watu na hakulazimishwa. Nimesimuliwa sana hapa mtaani, mara nyingi na mimi mwenyewe. Lakini hayo maneno mawili ya mwisho, "na hakulazimishwa," mwalimu anasema hakumwambia ayaweke.

Juzi Ijumaa mvua ilinyesha, ya kwanza tangu watoto warudi mle. Nilikuwa na kazi upande wa pili wa mji, nikaiacha. Nikaenda nikasimama nyuma ya darasa, kwenye ile pembe, nitazame maji yanakwenda wapi. Yalishuka kwenye bomba mpaka chini, yakaingia mtaroni, yakaondoka zake. Nilisimama pale muda mrefu, nimelowa mpaka kwenye soksi. Mwalimu akafungua dirisha akaniambia niingie nisije nikaugua. Nikaingia nikakaa benchi la nyuma, nikaegemea ukuta, na kwa saa nzima, mpwa wangu, mimi niliyeacha shule darasa la tano nilisikiliza watoto wakiulizana, na sikusema neno. Ukuta ulikuwa mkavu. Nilikuwa naugusa kila mara kwa kiganja.

Msalimie huyo mwenzako unayeishi naye, yule anayekuchemshia maji ya kikohozi. Mama yako anakusalimu na anauliza tena habari ya kula. Mke wangu anakusalimu, na amenituma niseme kwamba siku ya jino alisikia sana. Babu mdogo, yule seremala mzee wa karakana ya mbele yetu, anakusalimu. Dereva, nilipomwambia nakuandikia, alisema nikufikishie salamu ingawa hamjuani. Chiriku hakutaka nimwandikie salamu zake, anasema yake ataandika mwenyewe, nami nisiongeze kitu.

Mungu akulinde huko uliko, akufungulie milango, akujalie kifua kisicho na kikohozi na wanafunzi wenye maswali magumu, na siku utakapopata mtoto wako, awe wa kukuuliza wewe kama wangu anavyoniuliza mimi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, leo kuliko jana,

Fundi Jicho